Risasi isiyo na risasi: .308, 6.5 Creedmoor, .270 au .243 kwa uwindaji wa California?

Kiswahili kina utani wake. Risasi ni kile kinachotoka kwenye mtutu ukifyatua, na risasi pia ni madini yenyewe, yale mazito, laini, ya kijivu, yanayoyeyuka kwenye kopo juu ya jiko la mkaa. Kwa hiyo shemeji yangu aliponipigia simu kutoka Sacramento, akiwa amefaulu kozi ya uwindaji wiki hiyohiyo, swali lake lilitoka hivi: "Shem, mwalimu anasema huku lazima niende porini na risasi isiyo na risasi. Hiyo nitaipata wapi, na bunduki gani inaimeza?"

Nilicheka, ila alikuwa ameuliza la maana. Ukiondoa yale madini ya kijivu ukaweka shaba tupu, kaliba ulizozizoea, yaani saizi za risasi ambazo bunduki humeza, hubadilika tabia. Nyingine zinanufaika, nyingine zinabanwa. Nimewinda na shaba misimu saba sasa kwenye vilima vya pwani ya kati ya California, na haya ndiyo niliyomjibu, nikiongeza niliyoyasahau kwenye simu. Ili tusichanganyane: nikisema risasi, ni ile nzima yenye ganda na baruti. Kichwa ni kile kinachoruka. Madini nitayaita ya kijivu.

Babu yangu kule Kilombero alikuwa na gobore la kulindia mpunga. Alishindilia baruti, kipande cha gunia, kisha vipande vya nondo na gololi za baiskeli. Madini ya kijivu hayakuwamo humo miaka mingi kabla wabunge wa California hawajayafikiria. Shabaha yake ilikuwa hatua 15, na nguruwe walikimbia zaidi kwa mlio kuliko kwa nondo. Sisi tunataka zaidi ya hapo.

Kwa nini shaba

Sheria inaitwa AB 711. Ilisainiwa 2013, ikaingia kwa awamu kuanzia 2015, na tangu Julai 1, 2019 hakuna mnyama wala ndege wa porini unayeruhusiwa kumwinda kwa bunduki popote California ukitumia kichwa cha madini ya kijivu. Kinachokubalika ni kile chenye madini hayo yasiyozidi asilimia 1 ya uzito wake. Sheria hii ni ya kuwinda. Ukienda kutoboa karatasi uwanjani, haikugusi.

Aliyeileta ni kondori, ndege mla mizoga ambaye mabawa yake yakitandazwa yanakaribia mita 3. Mwaka 1982 walikuwa wamebaki 22. Mwaka 1987 wa mwisho porini akakamatwa ili wazalishwe kwenye vizimba, na 1992 wakaanza kurudishwa angani. Kinachowaangusha kuliko kitu kingine ni hayo madini. Mwindaji anapasua mnyama, anaacha matumbo pale chini ya mwaloni, kondori anashuka. Kichwa cha kawaida kikigonga mfupa kinamwaga chembe nyingi, nyingine ndogo kiasi cha kutoonekana, na picha za eksirei zimezionyesha zikiwa zimetawanyika mbali na tundu lenyewe. Nyumbani tumbusi wanakufa kwa sumu inayopakwa kwenye mzoga na mfugaji aliyemkusudia simba. Huku wanakufa kwa sumu ambayo aliyeiacha hakujua kuwa ameiacha. Na paja ulilopeleka nyumbani limetoka kwenye mzoga huohuo.

Shaba inavyotofautiana

Hapa ndipo uchaguzi wa bunduki unapoanzia, kwa hiyo vumilia hesabu kidogo.

Sentimita moja ya ujazo ya madini ya kijivu ina gramu 11.3. Ya shaba ina gramu 9 kasoro. Kwa hiyo ukitaka kichwa cha shaba chenye uzito uleule na unene uleule, lazima kiwe kirefu zaidi. Kichwa kirefu kinahitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi ili kisiyumbe hewani, kama pia ya mtoto inavyoyumba ikikosa mzunguko. Anayekizungusha ni mtutu: ile mifereji ya ndani inapinda kama uzi wa skrubu. Mpindo wa 1:10 maana yake mfereji unakamilisha mzunguko mmoja kila inchi 10. Wa 1:8 unazungusha haraka zaidi, wa 1:12 polepole. Kwenye mtutu wa siku hizi namba hiyo mara nyingi imegongwa karibu na jina la kaliba. Isome kabla hujatoa pochi.

La pili ni kasi. Madini ya kijivu ni laini, yanafumuka hata kichwa kikiwa kimechoka. Shaba ni ngumu. Kichwa chake kina tundu mbele, na umajimaji wa mwili wa mnyama unaingia humo kwa nguvu na kukipasua kifunguke kama ua. Kikifika polepole hakifunguki. Kinapita kama msumari, kinatoka upande wa pili, na mnyama anakwenda kufia bondeni usikomwona. Kwa vichwa vingi vya shaba vya bunduki za kawaida, mpaka uko kati ya mita 550 na 600 kwa sekunde. Mimi nashika 600 ili nilale vizuri.

La tatu ni zawadi. Kichwa cha shaba hakipotezi uzito. Mwaka wa tatu nilikuta kimoja chini ya ngozi ya bega la nguruwe dume, upande wa pili, baada ya kuvunja mabega yote mawili. Nilikiosha, nikakiweka kwenye mizani ya baruti: kilitoka dukani na greini 150 (greini ndicho kipimo cha uzito wa vichwa, kama 15 hivi kwa gramu moja), kilikuwa kimebaki na 148. Petali nne zimekunjwa nyuma, nyekundunyekundu, makali yake yanakata kidole. Cha madini ya kijivu chenye uzito huohuo kingebaki na nusu hadi theluthi mbili hivi, na kilichopungua kingekuwa ndani ya nyama.

Ndiyo maana wazoefu wa shaba wanashuka daraja moja la uzito. Aliyekuwa anatumia greini 165 anachukua 150 au hata 130. Kichwa kinakuwa kifupi, mpindo wa mtutu haubanwi, kasi inapanda, na hupotezi chochote ndani ya mnyama kwa sababu kichwa hakivunjiki. Kama kuna jambo moja la kulibeba kutoka kwenye andiko hili, libebe hilo: chagua kichwa kwanza, kisha kasi na mpindo unaokifaa, na bunduki iwe ya mwisho. Wengi tunaanza na bunduki kwa sababu ndiyo inayong'aa dukani.

Ana kwa ana

Kasi za mtutuni ni za maboksi ya kawaida ya shaba, ambazo hupimwa kwa mtutu wa inchi 24 hivi. Za mita 300 nimezipiga hesabu mwenyewe, nikazisawazisha. Bunduki yako itatofautiana kidogo.

| Kaliba na kichwa | Kasi mtutuni (m/s) | Kasi mita 300 (m/s) | Inavyosukuma bega |
|---|---|---|---|
| .243 Winchester, greini 80 | 1,020 | 730 | kidogo |
| 6.5 Creedmoor, greini 120 | 890 | 690 | kidogo |
| .270 Winchester, greini 130 | 930 | 730 | wastani |
| .308 Winchester, greini 150 | 860 | 665 | wastani |
| .30-06 Springfield, greini 150 | 905 | 705 | inasikika |
| .30-30 Winchester, greini 150 | 710 | usijaribu | wastani |

Ukiitazama haraka utasema .243 ndiyo bingwa. Ngoja kidogo.

.308 dhidi ya 6.5 Creedmoor

Hizi ndizo mbili ambazo mnunuzi mpya atajikuta anazilinganisha, kwa hiyo nitakaa hapa.

.308 ilizaliwa 1952, na duka lolote lenye kabati la risasi, hata lile la mji wenye taa moja ya barabarani, litakuwa nayo. Upande wa shaba ndiyo yenye uchaguzi mpana: greini 110, 130, 150, 165, 168, 180. Haiogopi mtutu mfupi. Kwa kila inchi unayopunguza inapoteza mita 6 au 7 kwa sekunde, basi. Inatoboa tundu la unene wa milimita 7.8 kabla hata haijafunguka.

Ubaya wake ni kwamba wakati inabuniwa hakuna aliyewaza shaba ndefu. Mitutu ya .308 haina mpindo mmoja. Utakuta 1:10 kwenye bunduki za Ruger American, 1:11 kwenye Tikka T3x, na 1:12 kwenye bunduki nyingi za zamani. Mimi yangu ya kwanza niliinunua mkononi, 1:12, mbao nzuri ya jozi, bei ya kirafiki. Nikaitia shaba ya greini 168 kwa sababu nilizoea kusoma kwamba 168 ni "tamu" kwa .308. Yadi 100, juu ya mfuko wa mchanga, bila upepo: matundu matatu yalitawanyika kama vidole vya mkono uliofumbuliwa. Nikadhani darubini imelegea. Nikakaza skrubu zote, nikarudia, hali ileile. Mzee mmoja wa meza ya jirani akaja, akamulika mtutu, akanipa risasi tatu za shaba za greini 130 kutoka kwenye boksi lake bila kusema neno. Zote tatu zilikaa mahali ningepafunika kwa kizibo cha soda. Akarudi kwenye kiti chake.

Bunduki ilikuwa nzima. Kichwa ndicho kilichokuwa kirefu mno kwa mpindo ule. Kwa 1:12, greini 130 ni salama, 150 iko ukingoni, 168 sahau. Kwa 1:10 au 1:11, kula unachotaka hadi 168.

6.5 Creedmoor haina tatizo hili. Kampuni ya risasi ya Hornady waliitoa mwaka 2007 kwa ajili ya walenga shabaha wa mbali wanaotumia vichwa virefu, kwa hiyo mpindo wake tangu mwanzo ni 1:8. Kichwa chochote cha shaba utakachokikuta kwenye boksi la kaliba hiyo, mtutu utakizungusha. Kwa mtu ambaye hataki kusoma namba kwenye chuma, hii peke yake ni sababu tosha. Kichwa chembamba kinakata hewa vizuri, kwa hiyo kasi yake inashuka taratibu: kwenye mita 400 greini 120 bado iko karibu na 630, juu ya mpaka wangu, wakati .308 ya greini 150 imefika 605 hivi na inakuna kichwa.

Na bega. Inasukuma kwa theluthi mbili au robo tatu hivi ya nguvu ya .308 kwenye bunduki ya uzito uleule. Watu wazima tunaona aibu kulisema hili, lakini anayeogopa msukumo anafumba macho kabla ya kufyatua, na shaba haisamehi aliyepiga tumbo.

Inapokosa ni upana. Kichwa kinaanza na milimita 6.7, na hata kikifunguka tundu lake ni dogo kuliko la .308. Kwa kulungu hutaona tofauti. (Kulungu wa huku si yule wa Kilombero. Ni mnyama mwingine kabisa, mkia mweusi, na namwita kulungu kwa kukosa jina.) Dume wa pwani huku mara nyingi hafiki kilo 70. Kwa nguruwe dume wa kilo 120 aliyejaa tope na gegedu begani, mimi najisikia vizuri zaidi na .308. Huo ni moyo wangu kuliko hesabu. Nimewaona wakilala kwa 6.5 pia.

.270, ile ya dukani nyuma

Ni ya mwaka 1925, na vijana hawaitaki tena. Kwa shaba, mimi naiona imepata maisha mapya. Kasi yake ni ya juu tangu mtutuni, mpindo wake wa kawaida ni 1:10, na shaba ya greini 130 inakaa humo bila malalamiko. Kwenye mita 400 bado iko juu ya 660. Ukiikuta imetumika, mtutu safi, kwa nusu ya bei ya mpya, usiiache. Inahitaji bunduki yenye boliti (kile chuma unachokivuta na kusukuma kwa mkono kuingiza risasi) ndefu zaidi, inasukuma bega sawa na .308 au zaidi kidogo, na boksi za shaba ni chache kuliko za ndugu zake, lakini zipo. Ukitaka vichwa vizito vya shaba, hapa siyo mahali pake. Bakia na 130 au chini.

.30-06 ni hadithi hiyohiyo yenye bega zito. Kama umerithi moja, itie greini 150 uende zako. Sioni sababu ya kununua mpya kwa wanyama wa huku.

.243 na mtego wa jedwali

Kwa madini ya kijivu, .243 ilikuwa na sifa ya kuvunjikia kwenye bega la mnyama. Kichwa chepesi, kasi kubwa, kinapasuka juujuu. Shaba imeponya ugonjwa huo: greini 80 zinapita. Kwa mtoto wa miaka 14, au kwa yeyote mwenye mwili mdogo, anayewinda kulungu tu, ni chaguo la heshima. Lakini kichwa chenyewe ni cha gramu 5 na kidogo. Kwa nguruwe mkubwa kinadai upige pale hasa, na nguruwe hakai akakusubiri. Angalia mpindo pia: 1:10 ya zamani inatosha kwa 80, usipande juu ya 85.

.30-30 na wengine

Bunduki ya wenzo, ile ya kwenye sinema za ng'ombe. Shaba yake ina pua bapa na imetengenezwa ifunguke kwa kasi ndogo kuliko nyingine, lakini hata hivyo inapofika mita 100 kasi imeshuka hadi 570 hivi. Kwenye vichaka vya mialoni, mita 60 au 80, ni bunduki ya raha kuliko zote nilizozitaja. Nje ya hapo iache.

.223 sheria ya California haiikatazi kwa kulungu. Inachodai ni risasi ya kugongwa katikati ya kitako cha ganda na kichwa kinachofumuka. Mimi siitumii. .300 Winchester Magnum ni nzuri kwa aliyepata kibali cha elki, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu wa huku. Kwa kulungu wa kilo 60 utakuwa unalipia kelele.

Bunduki yenyewe

Chukua ya boliti. Za kujikoki zenyewe California zina sheria ndefu kuhusu kitako, mshikio na magazini, na sitaki uanze maisha ya uwindaji kwa kusoma sheria ya jinai. Mtutu wa inchi 22 ni wastani mzuri. Ukishuka hadi 16 kwa ajili ya wepesi, .270 na .243 zitalalamika kuliko .308, na mita zako 400 zitakuwa 300. Uzito wa kilo 3 bila darubini unabebeka kwenye vilima. Nyepesi zaidi ya hapo itakulipiza kisasi begani. Kwa upande wa bei, Ruger American na wenzake wa kundi hilo ni za bei ya chini, Tikka inapanda juu ya hapo. Tofauti utaisikia kwenye boliti, siyo kwenye nyama. Darubini inayokuza mara 3 hadi 9 inatosha.

Kuna siku 10 za kusubiri kati ya kulipa na kukabidhiwa, na kabla ya hapo unahitaji cheti cha usalama wa silaha. Mwenye green card ananunua kama mwenyeji akiwa na karatasi zake. Aliyeko kwa viza ya muda, ya masomo au kazi, sheria ya shirikisho inamzuia isipokuwa kwa vighairi vichache, kimojawapo kikiwa leseni halali ya kuwinda. Hapo usinisikilize mimi wala muuza duka. Nenda kwa mwanasheria.

Kabla ya Agosti

Msimu wa bunduki kwenye kanda A, ile ya pwani, unafunguliwa Agosti, joto la kuchemsha maji. Ifikapo Julai maduka yanabaki na risasi za shaba za kaliba ambazo hakuna anayezijua. Nunua Mei. Boksi la 20 limenigharimu kati ya dola 45 na 70 kutegemea jina na mwaka, kwa hiyo usinunue boksi sita za aina moja kabla hujajua kama bunduki inaipenda. Nunua mbili tofauti, piga tatutatu, inayokusanyika ndiyo yako. Ikishajulikana ndiyo uchukue nyingi.

Kama mtutu umekwisha kutumika, uoshe kwanza mpaka chini. Mabaki ya utando wa shaba unaofunika vichwa vya zamani na shaba tupu havielewani, na utalaumu risasi bure. Tumia dawa ya kuyeyushia shaba, acha dakika chache, pitisha kitambaa: kitatoka na bluu kama ya kitenge kipya kinachochuja. Rudia mpaka bluu iishe. Kisha piga risasi chache za shaba bila kuhesabu zinapokwenda, ndipo uanze kupima.

Na ulenge bega. Wengi tumefundishwa nyuma ya bega, kwenye mapafu, tuokoe nyama. Kichwa cha kijivu kilipasukia humo na mnyama akalala. Shaba ikipita kwenye mbavu laini inaacha tundu safi, mnyama anakimbia mita 50 au 80 akiwa amekufa tayari, na kwenye korongo lenye miiba mita 80 ni saa mbili za kutafuta. Ikikutana na mfupa inafunguka mapema, inavunja, na inaendelea. Nyama unayopoteza kwenye bega ni ndogo kuliko kwa kichwa cha kijivu, kwa sababu hakuna chembe zilizotawanyika na damu iliyovilia haisambai sana.

Shemeji alisikiliza yote hayo, akaniambia anachukua .308, 1:10, kama yangu ya sasa. Nyuma yake nikamsikia dada: "Na mimi nitapiga na ipi? Au mimi nabeba maji?" Hilo nilikuwa sijaliuliza. Dada ana kilo 52. Bunduki ni moja, mabega ni mawili. Wakanunua 6.5 Creedmoor, mtutu wa inchi 22, na boksi mbili tofauti za shaba za greini 120.

Jumamosi iliyopita walinitumia karatasi ya uwanjani, yadi 100, matundu matatu kila mmoja. Kundi la shemeji linafunikwa na sarafu ya senti 25. La dada linafunikwa na ya senti 10. Shemeji anasema upepo ulibadilika katikati.